Mapumziko ya Whitby: Bibi Asiachwe Nyumbani

Kamati ya msikiti hupokea maswali ya kila namna, na mengi katika hayo hayahusu jengo la msikiti. Hivi karibuni limetufikia swali la familia moja ambayo mama yao anajiandaa kwenda Uingereza kumtembelea mwanawe anayeishi Bradford. Mwana amekusudia kumchukua mama, pamoja na mkewe na watoto, wakapumzike Whitby, mji mkongwe wa wavuvi ulio kwenye pwani ya Yorkshire. Mama amekataa. Amesema wao waende, yeye atabaki Bradford na mswala wake.

Sababu yake si ukaidi. Katika safari yake iliyopita walimpeleka mji mwingine wa pwani, akashinda siku tatu akila mkate na ndizi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumhakikishia kilichomo ndani ya sahani. Isha aliingoja peke yake hadi karibu na saa sita za usiku. Mkazamwana wake, aliyekuwa akihangaika baina ya mume na mama mkwe, alirudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka.

Kwa idhini yao ninalijibu swali hili hapa, kwani familia nyingi za wasomaji wetu zina kijana wao Leicester, Birmingham au London, na wazazi hualikwa. Maoni yangu ni kuwa mama ana haki, na mwana naye ana nia njema. Kilichokosekana ni mpango. Mapumziko ni jambo la halali, na kumstarehesha mzazi ni zaidi ya halali. Lakini safari iliyopangwa kwa kuangalia picha za mji tu, kisha ibada na chakula vikatafutiwa nafasi baadaye, humgeuza mzee kuwa mzigo mbele ya wajukuu zake. Hilo ndilo la kuepukwa.

Tuanze na urefu wa safari, maana mengine yote yanautegemea. Nyumba za kupanga katika miji ya pwani ya Uingereza hukodishwa kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi au Ijumaa hadi Ijumaa, au kwa muda mfupi, kama vile kuingia Jumatatu na kutoka Ijumaa. Mtu wa kawaida huchagua kwa kuangalia bei. Sisi tulio wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i tuna jambo jingine la kuangalia. Kutoka Bradford hadi Whitby ni zaidi ya kilometa 100, masafa yanayotosha kupunguza Swala kwa wanaokadiria kilometa 81 na kwa wanaokadiria 90. Lakini msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea pale anapofika. Aliyekodi Jumamosi hadi Jumamosi ana siku sita kamili katikati. Huyo ni mkaazi, ataswali Swala zake zote kamili na kila moja kwa wakati wake. Aliyekodi Jumatatu hadi Ijumaa ana siku tatu tu katikati, yaani Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Huyo ni msafiri, ana ruhusa ya kupunguza na ya kukusanya.

Tofauti hii si ndogo katika nchi ile. Whitby iko katika latitudo ya nyuzi 54 na nusu kaskazini. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza karibu saa 10 na nusu alfajiri na kuzama karibu saa 3 na dakika 40 usiku, na kuanzia kama katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Agosti giza kamili haliingii. Weupe hubaki kwenye upeo wa kaskazini usiku kucha. Ndiyo maana misikiti ya huko hutofautiana katika ratiba ya Isha na ya Alfajiri wakati wa kiangazi. Wengine hugawa usiku mafungu, wengine hufuata mji wa karibu ambao alama zake zinaonekana, wengine hufuata siku ya mwisho ambayo alama zilionekana. Zote ni ijtihadi za wanazuoni. Mama anayetoka Dar es Salaam, ambako Isha haipotei mwaka mzima, akikutana na hali hii bila ya kuelezwa hudhani ama saa imeharibika, ama watu wa huko wamelegea katika dini yao.

Akiwa msafiri, ataswali Magharibi na Isha pamoja mara tu jua linapozama, rakaa tatu na mbili, kisha alale kama watu. Mjukuu aliyesoma madrasa ya Kihanafi huko Bradford huenda akamwambia, "Bibi, sisi hatukusanyi." Ni kweli, Wahanafi hawakusanyi ila katika Hija, ingawa wao humhesabu mtu kuwa msafiri mpaka anuie kukaa siku 15. Mtoto aachwe aswali alivyofundishwa na bibi aswali alivyofundishwa. Lisiwe jambo la kujadiliwa kila usiku mezani. Lililo la lazima ni kuwa nyumba ifuate ratiba moja ya msikiti mmoja, ule ambao mwana huswali siku zote, na ratiba hiyo ichapwe na kubandikwa ukutani siku ya kwanza.

Ajabu ni kuwa mji wenyewe una historia ya ugomvi wa namna hii. Juu ya jabali la upande wa mashariki yapo magofu ya nyumba kubwa ya watawa iliyoasisiwa mwaka 657 chini ya uongozi wa mwanamke aitwaye Hild. Mwaka 664, miaka 32 tu baada ya kufariki Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ulifanyika hapo mkutano wa Wakristo kuamua namna ya kuhesabu tarehe ya Pasaka, ambayo kama ijulikanavyo inategemea mwezi. Mfalme Oswiu alifuata hesabu ya Waayalandi na malkia wake alifuata ya Roma. Mwanahistoria Bede anaeleza kuwa ilitokea mfalme amekwisha kufunga saumu yake na anasherehekea, ilhali malkia, katika nyumba hiyohiyo, bado amefunga. Nani kati yetu hajui nyumba ya aina hiyo? Mfalme aliamua kwa Roma na mgogoro ukaisha kwa amri. Watoto wasimuliwe kisa hiki wakiwa pale pale juu. Watakikumbuka siku tutakapogombana tena kuhusu mwandamo.

Kufika juu huko kuna ngazi 199. Zimewekewa sehemu za kupumzikia zenye mabenchi, ambazo zamani waliochukua jeneza kupandisha makaburini walilituliza hapo kabla ya kuendelea. Mama mwenye maumivu ya magoti asizijaribu kwa kuona haya mbele ya wajukuu. Ipo barabara ya gari inayofika juu, na maegesho kando ya magofu. Mwana amzungushe mama kwa gari, vijana wapande ngazi wakihesabu, wakutane kileleni. Magofu hayo si mahali pa ibada tena tangu Mfalme Henry wa Nane alipoifunga nyumba ya watawa mwaka 1539. Kuyatembelea kwa kuzingatia hakuna ubaya. Kanisa lililo jirani linatumika, na asiyependa kuingia asilazimishwe.

Sasa chakula, ambacho ndicho kilichomrudisha mama na njaa. Watu husema, mji wa wavuvi una samaki, na samaki hahitaji kuchinjwa, basi tatizo liko wapi? Sura ya Al-Maida imehalalisha mavuvi ya bahari, na hilo halina mjadala. Tatizo liko kwenye karai. Yorkshire ina desturi ya zamani ya kukaangia samaki na chipsi katika mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, na wenyeji hujivunia ladha yake. Mafuta hayo ni ya mnyama, na hukumu yake ni hukumu ya nyama yake. Najua wapo wanaoegemea ruhusa ya chakula cha Watu wa Kitabu. Lakini katika mafuta ya kiwandani hakuna anayemjua aliyechinja wala alivyochinja, na pakiwa na mafuta ya mimea mtaa wa pili, sioni sababu ya mtu kuibebesha dini yake shaka kwa ajili ya sahani ya chipsi. Maduka yanayotumia mafuta ya mimea yapo. Muuzaji aulizwe kwa adabu kabla ya kuagiza: mnakaangia nini, na je, unga wa kupakia samaki umechanganywa na bia? Maswali hayo mawili hayamuudhi mtu. Wao wenyewe wana wateja wasiokula nyama kabisa, wamezoea kuulizwa. Na aulize mwana, si mkewe, wala asimwachie mama asimame na kushuku.

Lililo bora ni kukodi nyumba yenye jiko na kununua samaki mbichi. Mama apewe heshima ya jiko siku moja akitaka, si siku zote, maana naye amekwenda kupumzika. Hapa pana jambo ambalo vijana hulisahau: vyombo vya nyumba ya kupanga vimepikiwa kila kitu, nguruwe akiwemo. Kwa Shafi'i najisi hiyo ni nzito, na kuitoharisha ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Badala ya kuosha masufuria ya watu kwa udongo likizoni, bebeni sufuria mbili, kikaango, kisu na ubao wa kukatia kutoka nyumbani. Havijazi hata robo ya buti ya gari. Kadhalika, nyumba nyingi za huko huruhusu wageni waje na mbwa, na mbwa hulala juu ya makochi na mazulia. Masharti ya nyumba hueleza wazi kama mbwa wanaruhusiwa au la. Ichaguliwe ile isiyoruhusu, hata ikiwa mbali kidogo na bahari. Mama akijua hilo kabla, ataswali juu ya zulia bila ya wasiwasi; asipojua, ataswali akiwa amesimama juu ya kitambaa kimoja siku tatu nzima, kama ndege juu ya tawi.

Kuna chakula kimoja cha mji huo ambacho nadhani mama atakipenda. Nacho ni heringi, jamaa wa simu wetu, anayepasuliwa, akatiwa chumvi na kutundikwa katika moshi wa kuni. Kibanda cha Fortune's katika mtaa wa Henrietta kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1872, na kuta zake za ndani zimekuwa nyeusi tititi kwa masizi. Mtu aliyekulia pwani yetu, akasikia harufu ile ya chumvi na moshi, hahitaji kutafsiriwa kitu. Samaki huyo hana mafuta ya ng'ombe wala bia. Anunuliwe, apashwe moto nyumbani, aliwe na wali.

Watoto wataomba kuvua kaa. Ni mchezo wa kila siku kando ya bandari: uzi, chambo na ndoo. Kaa wenyewe wana khitilafu katika kuliwa kwao, na Wahanafi hawawali kabisa, lakini hapa hawavuliwi kwa kuliwa, huvuliwa kwa kutazamwa. Ndipo penye wajibu. Kiumbe asiteswe kwa kufurahishwa mtoto. Ndoo itiwe maji ya bahari, kaa wawe wachache wasiumane, wasiachwe juani, na warudishwe majini taratibu kabla ya watoto kwenda kula. Mzazi akisimamia hilo kwa dakika tano amefundisha zaidi ya saa moja ya darasa.

Kuhusu mavazi, wapo waliomtisha mama kwa habari za fukwe za Ulaya. Bahari ya Kaskazini hata Agosti haipati joto zaidi ya nyuzi 14 au 15 hivi, na upepo wake haumwachi mtu avue koti kwa muda mrefu. Sisemi kuwa hakuna atakayevua. Lakini baridi ya Whitby imefanya kazi ambayo mawaidha mengi yameshindwa kuifanya. Mama achukue sweta nene, soksi, na chupa ya maji ya udhu, kwa kuwa vyoo vya umma havina maji ya kujitoharishia kama tulivyozoea. Kibla kwa huko ni kusini mashariki. Yeye aliyezoea kuelekea kaskazini atahisi amegeuzwa, basi alama iwekwe sakafuni mapema. Adhana asitarajie kuisikia. Misikiti iko Middlesbrough, mwendo wa kilometa 50 hivi, na msafiri hawajibikiwi na Ijumaa.

Nisimalize bila ya kutaja jumba dogo la makumbusho ya waokoaji wa baharini, ambalo ningelitanguliza kuliko nyumba aliyofanyia uanagenzi Kapteni James Cook, ingawa nayo ipo, na ingawa meli yake Endeavour ilijengwa katika bandari hiyo mwaka 1764. Tarehe 9 Februari 1861 dhoruba kubwa iliipiga pwani ile. Watu 13 wa mashua ya uokozi walitoka mara kwa mara siku hiyo, wakaokoa mabaharia wa merikebu kadhaa. Walipotoka tena mashua ilipinduka, na 12 wakafa mbele ya macho ya watu wa mji. Aliyepona ni mmoja, Henry Freeman. Yeye peke yake ndiye aliyevaa koti jipya la kujiokolea, lililotengenezwa kwa gome jepesi lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Sisi tulioomboleza MV Bukoba mwaka 1996 na Spice Islander mwaka 2011 hatuwezi kusoma habari hiyo kama ya watu wa mbali. Ningependa mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa Bradford, ambaye nyumbani kwa bibi yake hupanda boti kwenda Unguja, alitazame koti hilo kwa makini, kisha bibi amweleze mwenyewe, kwa Kiswahili chake, maana ya kumfunga ngamia kwanza.

Limebaki suala la fedha, na katika hili mama alisema neno zito: fedha za nyumba ya kupanga zingelipa ada ya mtoto wa ndugu yao hapa nyumbani. Hana makosa. Mwana amweleze mama gharama halisi, asimfiche kwa kudhani anamlinda. Ikiwa ada ameahidi na hajalipa, deni litangulie. Ikiwa amekwisha kutimiza ya wajibu, basi kuitumia halali yake kwa wanawe na mamake si israfu, madhali hakopi kwa riba. Na siku zile nne za Jumatatu hadi Ijumaa, tulizozichagua kwa ajili ya Swala, kwa kawaida zina nafuu kuliko wiki nzima.

Wakati gani? Shule za England hutoza wazazi faini wakiwatoa watoto masomoni kwa ajili ya matembezi, kwa hiyo zimebaki likizo. Likizo fupi ya mwisho wa Oktoba ina usiku wa kawaida na bei ya chini, lakini ni baridi mno kwa mama, na karibu na siku hizo mji hujaa watu waliovaa nguo nyeusi na kujipaka rangi za kutisha, kwa sababu ya riwaya ya Dracula ya mwaka 1897 ambayo sehemu yake imewekwa Whitby. Hawamdhuru mtu, ila mtoto mdogo hatalala. Mimi ningechagua nusu ya pili ya Agosti. Giza limekwisha kurudi, Magharibi ni baada ya saa 2 usiku, na jua la mchana bado lina nguvu kidogo. Mji hujaa magari msimu huo. Yapo maegesho nje ya mji yenye basi la kuingia bandarini, na ni bora kuyatumia kuliko kuzunguka mitaa myembamba na mzee ndani ya gari.

Nyumba za Agosti huchukuliwa mapema. Kabla ya kulipa, mwana ampigie mama simu, amsomee masharti ya nyumba moja baada ya jingine: idadi ya ngazi hadi chumba cha kulala, choo kiko ghorofa gani, jiko lina nini, na kile kifungu cha mbwa. Akisema ndiyo, walipe.